TUUJUE USHIRIKA (7): Waliosoma mita zao wenyewe

Tangu Benki ya Ushirika izinduliwe Dodoma Aprili 2025, kila nikikutana na wanaushirika mazungumzo ni mtaji tu: riba, hisa, mikopo ya pembejeo. Ni mazungumzo ya maana, siyabezi. Lakini wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kwamba vyama vyetu havikudhoofishwa na uhaba wa fedha peke yake. Ya mwaka 1976, Serikali ilipovivunja vyama vya ushirika, tumeshayamaliza. Leo naomba ruhusa niwapeleke mbali, kwenye ushirika ninaoufuatilia kama vijana wanavyofuatilia ligi ya Uingereza: vyama vya umeme vijijini Marekani.

Katikati ya miaka ya 1930, mashamba yenye umeme nchini humo yalikuwa kama 10 kati ya kila 100, huku mijini karibu kila nyumba ikiwaka taa. Makampuni yalikuwa na hoja yao: nyumba za wakulima zimetawanyika, nguzo ni ghali, na mkulima hana fedha. Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt akaunda wakala wa kusambaza umeme vijijini, na mwaka uliofuata Bunge likaupa nguvu ya kisheria ya kukopesha kwa riba nafuu. Serikali ilitarajia makampuni ndiyo yatakayokopa. Yakasuasua. Waliojitokeza ni wakulima, wakapita shamba kwa shamba wakiandikisha majirani kwa kiingilio ambacho mara nyingi kilikuwa dola 5, fedha nyingi kwa mkulima wa enzi zile za mdororo wa uchumi.

Sasa tazama walivyoendesha mambo. Chama hakikuwa na uwezo wa kumlipa mtu azunguke mashamba yote kusoma mita. Basi katika vyama vingi mwanachama aliisoma mwenyewe: mwisho wa mwezi anaikaribia mita, anaandika tarakimu kwenye kadi, anapiga hesabu ya anachodaiwa, anatia kadi na malipo kwenye bahasha na kuipeleka posta. Hakuna aliyesimama nyuma yake. Mtu wa namna hiyo hahitaji semina ya kufundishwa uniti moja inagharimu kiasi gani. Wala humdanganyi kirahisi kwenye mkutano mkuu, kwa kuwa hesabu anayosomewa anaifanya mwenyewe kila mwezi mezani kwake.

Kulikuwa pia na lile hema. Kuanzia 1938, wakala ule ulituma msafara uliozunguka majimbo na turubai kubwa, majiko, majokofu, mashine za kufulia na pampu za maji. Watu wakauita sarakasi ya umeme. Mhusika wake mkuu alikuwa Louisan Mamer, mtaalamu wa maarifa ya nyumbani, aliyepanda jukwaani na kupika mlo mzima mbele ya umati. Kisha waliitwa wanaume wawili wa palepale kijijini washindane kupika kwa jiko la umeme, wake zao wakitazama na kucheka. Mimi ningelipa nauli kuishuhudia shughuli ile! Tusidhani lakini kwamba ilikuwa burudani tupu. Chama kilichokopa kujenga laini kisingeweza kulipa deni kama kila mwanachama angewasha taa moja na kuzima. Ilibidi umeme upige pampu na kukamua ng'ombe, na ili mtu anunue pampu lazima kwanza aione ikivuta maji. Elimu ya mwanachama ilikuwa sehemu ya hesabu ya mkopo. Sisi tunaiweka mwisho wa bajeti, na ndiyo tunayoifyeka kwanza.

Habari nazo hazikuachwa zijisambaze zenyewe. Vyama vya Texas vina jarida lao tangu 1944, Texas Co-op Power, na vya majimbo mengine vina yao. Ndani utakuta mapishi, tarehe za matengenezo, matokeo ya uchaguzi wa bodi. Baadhi ya vyama huchomeka namba za akaunti za wanachama katikati ya habari: ukiiona yako, bili inapunguzwa. Ni ujanja mdogo wa kumfanya mtu asome mpaka ukurasa wa mwisho. Chama cha Palmetto, South Carolina, mwaka 1989 kilianzisha mpango wa kukamilisha bili ya mwanachama aliyeridhia hadi dola kamili, na zile senti zinazozidi zikaenda kwa wahitaji wa eneo lao.

Leo vyama hivyo ni takriban 900, vinahudumia watu zaidi ya milioni 40. Navyo vimeugua. Katika vingi, wanaopiga kura hawafiki mmoja kati ya kumi. Pedernales, Texas, chama kilichoanzishwa 1938 kwa msukumo wa mbunge kijana Lyndon Johnson, kilikua kikawa miongoni mwa vikubwa kuliko vyote, na bodi ikajizoesha kujichagua. Mwaka 2007 wanachama walikwenda mahakamani kulalamikia marupurupu na uchaguzi usio wazi. Ndipo milango ya vikao ikafunguliwa. Kumbukeni kwamba fedha hazikuwa zimekwisha. Wenye chama ndio waliokuwa wamelala.

Hapa kwetu mfano upo, nao unastahili makala yake: Urambo, Tabora, ambako chama cha watumiaji umeme kilianza kusambaza mwaka 1994 kwa jenereta za dizeli, saa chache za jioni, kwa bei iliyozidi ya TANESCO. Wanachama walilipa, kwa sababu bei waliipanga wao.

Wengi wetu tunakwenda mkutano mkuu kwa ajili ya soda na posho ya nauli, taarifa ya fedha tunagawiwa mlangoni, na ifikapo saa saba tumeshaipitisha kwa makofi. Ninaiomba Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikilazimishe kila chama kubandika muhtasari wa hesabu zake, kwa Kiswahili chepesi, kwenye ofisi ya kijiji wiki mbili kabla ya mkutano. Gharama yake ni karatasi na gundi. Juma lijalo tutaangalia wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, na kazi yao.