Dereva mwenye ulemavu wa miguu: gari hurekebishwa vipi, na wapi pa kuanzia

Ulemavu wa miguu haumnyimi mkazi wa Embu au Meru nafasi ya kupata leseni ya udereva. Katika mpangilio wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), daraja F limetengewa madereva wanaoishi na ulemavu. Kinachohitajika ni gari linalolingana na mwili wa dereva. Hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu watu hununua kwanza na kuuliza baadaye.

Mwenye tatizo la mguu wa kushoto pekee huenda asihitaji fundi kabisa: gari la otomatiki halina klachi, na mguu wa kulia unatosha. Tatizo likiwa mguu wa kulia, huwekwa eksileta ya pili upande wa kushoto wa breki. Asiyetumia miguu yote miwili hufungiwa mtaimbo mdogo kando ya usukani; akiusukuma, gari linashika breki, akiuvuta, linaongeza mafuta. Usukani nao hubaki kwa mkono mmoja, hivyo huongezwa kirungu cha kushikia wakati wa kukata kona. Pedali za kawaida haziondolewi, na wengine nyumbani wanaweza kuliendesha gari hilohilo.

Hii si kazi ya fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Chuma hicho ndicho breki. Wanaotumia barabara ya Embu–Meru wanaujua mteremko wa daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mkono huchoka haraka kuliko mguu, kwa hiyo dereva ateremke kwa gia ya chini, ile yenye alama ya L au 2 katika magari mengi ya otomatiki, ili injini isaidie kulizuia gari na breki zisipate moto.

Kuhusu gharama, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa gari moja lililoundwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu. Msamaha huombwa kabla gari halijatolewa bandarini Mombasa. Gari la kawaida lililo kwenye yadi mjini Meru limeshalipiwa ushuru, na ushuru huo umo ndani ya bei. Gari kuukuu linaloagizwa pia lisizidi umri wa miaka 8, kama kwa mwagizaji mwingine yeyote.

Mwombaji huanzia hospitalini kwa tathmini ya ulemavu, akasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), ndipo ombi lifike KRA. Wapo madalali wanaotafuta majina ya kuagizia magari ya watu wengine. Anayekubali hujifungia nafasi yake mwenyewe, na gari likihamishiwa mtu asiyestahili msamaha, ushuru hudaiwa.

Kampuni ya bima nayo ielezwe marekebisho yote kabla gari halijaingia barabarani, si baada ya ajali.