Fahamu: Kwa nini wapangaji wengi Dar huitafuta Sinza

Sinza ni eneo la makazi katika Wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam, kati ya Barabara ya Morogoro na ile ya Sam Nujoma. Si uswahilini hasa, wala si ushuani. Kodi yake iko chini ya Masaki au Oysterbay, ila mtu wa Mbagala ataiona ghali.

Ilianzaje?

Miaka ya 1970, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wananchi walipewa viwanja, wakajenga wenyewe. Ndiyo maana mitaa yake imenyooka kuliko ya eneo jirani la Manzese.

Usafiri

Tangu 2016, mabasi ya mwendokasi hupita kituo cha Shekilango, Barabara ya Morogoro, kuelekea Kivukoni. Daladala zipo pia.

Kupanga kukoje?

Hapa ndipo pagumu. Vyumba hupatikana zaidi kupitia dalali, ambaye kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja, na baadhi hutoza hata pesa ya kukuonyesha tu. Mwenye nyumba naye mara nyingi hutaka miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo. Kwa hiyo kodi inayotajwa kwa mwezi haikuambii utahitaji kiasi gani siku ya kuhamia.

Kabla ya kulipa, ulizia kama mita ya umeme (Luku) ni yako peke yako, maji yanatoka siku zipi, na kama kuna baa jirani. Sinza hailali mapema. Mkataba uwe wa maandishi, na stakabadhi uitunze.