Kitabu cha Kliniki ni Amana ya Mtoto



Januari haiko mbali. Katika nyumba nyingi za Bondeni na jirani zake, Makadara, Kibokoni, Kuze na Mwembe Kuku, kuna mtoto aliyetimiza umri wa kuingia chekechea, na kuna mama aliyekwisha kuanza kuulizia bei ya sare na mkoba. Shule nazo zina maulizo yao. Nyingi huomba vitu viwili kabla ya kuliandika jina la mtoto: cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Cheti hutafutwa mapema, kwani kila mtu aijua adha yake. Kitabu cha kliniki hukumbukwa asubuhi ya siku yenyewe, na hapo ndipo inapogunduliwa kwamba ukurasa wa chanjo una mapengo, au kitabu chenyewe hakijulikani kiliko.

Tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili kungali na wasaa. Kitabu hiki si karatasi ya kumridhisha mwalimu mkuu. Ni kumbukumbu ya haki ya mtoto iliyo shingoni mwa wazazi wake, na ndani yake mna haki ya mtoto wa jirani pia.

Ni nini kinachotazamwa?

Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa nchini Kenya mwaka 1980, na ratiba yake imekuwa ikiongezwa kadiri miaka inavyokwenda. Mtoto anapozaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu, ile iachayo kovu mkononi, pamoja na matone ya polio. Akifika wiki 6, kisha 10, kisha 14, hupewa matone mengine ya polio, na sindano moja iliyokusanya kinga ya maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na maradhi ya bakteria wa Hib. Katika ziara hizo pia hukingwa na nimonia na kuhara kunakoletwa na virusi vya rota, na katika wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio. Akitimiza miezi 9 hupewa chanjo ya surua na rubela, na kwa miezi 18 huirudia mara ya pili.

Hiyo ya miezi 18 ndiyo isahaulikayo zaidi. Mama huwa ameshazoea kuona kliniki ni ya kitoto kichanga. Mtoto anatembea, anasema, anacheza uani, na safari ya kliniki inaonekana imekwisha. Haijaisha. Surua ni miongoni mwa maradhi yaambukizayo upesi kuliko yote: mgonjwa mmoja, akikaa kati ya watu wasio na kinga, aweza kuwaambukiza 12 hadi 18. Ndiyo maana wataalamu husema ni lazima watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili ndipo ugonjwa huu ukose njia. Darasa moja la chekechea lenye watoto wanne au watano wasiokuwa na kinga latosha kuufungulia mlango.

Wazazi wa mabinti wakumbuke pia chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa mwezi Oktoba 2019, nayo huwalenga wasichana waliofikia umri wa miaka 10. Na mwezi Julai 2025 ilifanyika kampeni ya nchi nzima iliyowapa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 chanjo ya homa ya matumbo, na walio chini ya miaka 5 chanjo ya surua na rubela. Aliyechanjwa wakati huo, tarehe yake na ihifadhiwe pamoja na nyinginezo.

Sheria yasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na katika ibara hiyo hiyo imempa haki ya huduma za afya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo imezibebesha serikali kuu na serikali za kaunti jukumu la kuhakikisha kwamba chanjo kwa watoto walio chini ya miaka 5 ni ya bure na ni ya lazima.

Hapa twaomba wazazi na walimu wazingatie kwa makini. Haki hizi mbili ni za mtoto yule yule mmoja, na haifai moja igeuzwe kuwa silaha ya kuiua nyingine. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa kitabu hapati elimu, na wala hapati kinga, hukaa tu. Lililo jema ni shule kumwandika mtoto, kumpa mzazi muda unaojulikana, na kumwelekeza kliniki. Chini ya Katiba, chekechea na vituo vya kulelea watoto viko mikononi mwa kaunti, na zahanati za mitaani nazo ziko mikononi mwa kaunti. Milango hiyo miwili ina mwenyewe mmoja. Si shida kwa mlango mmoja kumwelekeza mtu kwa mwingine.

Tena si kila pengo katika kitabu ni uzembe wa mama. Katikati ya mwaka 2025, sehemu nyingi za nchi zilipungukiwa na chanjo za kifua kikuu na polio, na akina mama walibeba vichanga vyao hadi kliniki wakarudi hivi hivi. Mwalimu anayekiona kitabu cha mtoto aliyezaliwa wakati huo na aulize kabla ya kulaumu.

Kujikinga si kukimbia kadari

Wako ndugu zetu wanaosema: mwenye kuponya ni Mungu, na lililoandikwa litakuwa. Ni kweli, wala hakuna Muislamu anayelikana hilo. Lakini tuikumbuke safari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa akielekea Shamu na kufikiwa na habari ya tauni alipokuwa mahali paitwapo Sargh. Alishauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, alimfahamisha kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu vile vile. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na mafunzo aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mola wake.

Na tazameni mahujaji wetu. Hakuna nyumba ya Bondeni isiyomjua mtu aliyehiji, na kila aliyehiji anajua kwamba alichanjwa kwanza. Baada ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo wakati wa Hija ya mwaka 1987, Saudia iliifanya chanjo ya maradhi hayo kuwa sharti. Na baada ya milipuko mingine ya miaka 2000 na 2001 iliyoletwa na aina tofauti ya bakteria, sharti likapanuliwa ili kuikinga aina hiyo pia. Hatujasikia haji akisema kuwa sindano ile imemtoa katika kumtegemea Mungu. Ikiwa bibi amechanjwa ili aende kusimama Arafa kati ya umati, mjukuu anayekwenda kuketi darasani kati ya umati ana haki hiyo hiyo.

Ama shaka ya halali na haramu katika viungo vya chanjo, ni swali la haki, na wanavyuoni hawakulipuuza. Mwaka 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliichunguza chanjo ya surua na rubela iliyokuwa ikitumika kwao. Lilisema wazi kwamba utengenezaji wake ulitumia kitu chenye asili ya nguruwe, kisha likairuhusu kwa sababu ya dharura: wakati ule haikuwapo nyingine halali ya kushika nafasi yake, na wataalamu waaminifu walithibitisha madhara ya kuwaacha watoto bila kinga. Mwenye shaka, basi, amuulize sheikh wake na amuulize daktari. Uvumi wa barazani si elimu ya yeyote kati ya hao wawili.

Mpishi wa Marka

Mfano mwingine uko katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, kwa jirani zetu wa Somalia. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Marka, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi mno. Maalin hakuwa amechanjwa. Alisema baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Siku chache zikapita, akaugua. Mungu akamjalia akapona, na ikathibitika kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa maambukizi ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka.

Ndui iliyowaua na kuwapofusha mababu zetu vizazi kwa vizazi leo ni jina tu. Lakini kisa cha Maalin hakikuishia hapo. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013, na kuvuka hadi kwetu Kenya ambako ilipata wagonjwa 14, yeye alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawapeleke watoto wapate matone, akiwasimulia yaliyompata kwa kuikwepa chanjo. Alifariki mwezi Julai mwaka huo huo kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Mungu amrehemu.

Vyuo vyetu na nyumba za kulea

Shule huuliza kitabu. Je, chuo chauliza? Watoto wa miaka minne na mitano huketi mkekani bega kwa bega, wakikoholeana usoni, asubuhi na jioni. Mama mlezi anayewapokea vichanga ili wenzake waende kazini naye ana watoto wa nyumba kumi katika chumba kimoja. Huko ndiko kwenye watoto wadogo zaidi, na huko ndiko kusikoulizwa. Twawaomba walimu wetu wa vyuo na dada zetu walezi waanze na swali moja tu wanapompokea mtoto: chanjo zake zimekamilika? Hawana haja ya kumkataa mtu. Wakiuliza na kukumbusha watakuwa wamefanya kazi kubwa.

La kufanya wiki hii

Kitoe kitabu kilipo na ukitazame ukurasa wa chanjo pamoja na baba wa mtoto. Upigeni picha kwa simu, ili kitabu kikipotea tarehe zisipotee.

Kikiwa kimekwisha kupotea, rudi kliniki ile ile mtoto alikochanjiwa. Taja jina lake, tarehe ya kuzaliwa na mwezi unaoukumbuka, ili muuguzi atafute katika daftari zao.

Chanjo iliyorukwa hailazimu kuanza upya. Huendelezwa pale ilipokomea. Lakini chache, kama ile ya rota, zina ukomo wa umri, kwa hiyo kuchelewa kuna hasara yake.

Mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Joto kidogo na uvimbe pahali pa sindano kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Mtoto akizidiwa, mrudishe kliniki mara moja. Na ukiambiwa chanjo imekwisha, usirudi kimya: omba uandikiwe tarehe ya kurejea, na uliza ni kituo gani kingine kinayo. Katika vituo vya serikali chanjo hizi ni bure.

Wanetu ni amana, na amana huulizwa. Tusingoje tuulizwe na mwalimu mlangoni. Tutaulizwa na Aliyetupa. Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani zetu, awape afya njema na elimu yenye manufaa, na atupe sisi wepesi wa kutekeleza haki zao. Amin.