Mratibu, Mashambulizi, Amefukuzwa: Maneno Matatu ya Tafsiri Moja

Muhula huu tulipewa zoezi la kutafsiri habari fupi ya michezo kutoka Kiingereza. Timu ya chuo kikuu kimoja cha Marekani ilikuwa imemwondoa msaidizi wa kocha anayepanga namna ya kushambulia, na ikamtafuta wa kuchukua nafasi yake. Niliandika haraka: «Chuo kimemfukuza mratibu wa mashambulizi na kitaweka mwingine.» Kila neno lilikuwa kwenye kamusi, kwa hiyo sikuona tatizo.

Jioni nilisoma jibu langu kwa sauti nyumbani, hapa Butembo. Mama mdogo, aliyetoka Mbau na wanawe na kuhamia kwetu, alikuwa anatwanga sombe. Akasimamisha mchi. «Bamemukamata wapi?» akauliza. Nikamuuliza nani. «Si huyo mwenye kupanga mashambulizi.» Nilimweleza kwamba ni habari ya mpira. Akasema, «Aa, mupira,» akaendelea kutwanga.

Mama mdogo hakukosea kusikia, maana sentensi yangu ndiyo iliyosema alichokisikia. Makala haya yanaeleza kwa nini, kwa kuyapitia maneno yake matatu: mratibu, mashambulizi na amefukuzwa. Lakini kabla ya kuhukumu maneno, tuelewe kwanza habari yenyewe.

Habari yenyewe

Futiboli ya Kimarekani huchezwa zaidi kwa mikono, kwa mpira wenye umbo la tunda la kakao. Mchezo husimama kila baada ya sekunde chache, na kila unapoanza tena upande wenye mpira hufuata mpango uliochaguliwa kwa ajili ya hatua hiyo moja. Timu ina kundi la wachezaji wa kushambulia na kundi jingine la wachezaji wa kulinda, nayo hupishana uwanjani. Kwa sababu hiyo kocha mkuu huwa na wasaidizi wawili wakubwa, kila mmoja na kundi lake. Wa kushambulia huandaa mipango kabla ya mechi na kwa kawaida ndiye anayechagua, hatua kwa hatua, upi utumike. Timu isipopata pointi, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Katika Chuo Kikuu cha Iowa kocha mkuu tangu msimu wa 1999 ni Kirk Ferentz. Mwaka 2017 kazi ya kuongoza ushambuliaji alipewa Brian Ferentz, mtoto wake. Kwa kuwa taratibu haziruhusu mtu kumsimamia ndugu yake kazini, kwenye karatasi Brian aliwajibika kwa mkurugenzi wa michezo, wala si kwa baba yake. Timu ilishinda mechi nyingi kwa nguvu ya ulinzi, huku pointi zikipatikana kwa tabu. Mwezi wa Februari 2023 mkataba wa Brian ulirekebishwa: mshahara ukashuka kutoka dola 900,000 hadi 850,000 kwa mwaka, na timu ikatakiwa kushinda angalau mechi 7 na kupata wastani wa pointi 25 kwa kila mechi.

Mtafsiri aangalie hapo. Kwetu «pointi» ni zile 3 za ushindi kwenye msimamo wa ligi. Kule pointi hupatikana ndani ya mchezo wenyewe: kuvuka mstari wa mwisho na mpira ni 6, na kuupiga kwa mguu kati ya milingoti miwili ni 3. Msomaji wa Beni asipoelezwa hivyo atajiuliza ni ligi gani inayotoa pointi 25 kwa mechi moja.

Tarehe 30 Oktoba 2023, kaimu mkurugenzi wa michezo, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian hatarudi msimu ukiisha. Wakati huo timu ilikuwa imeshinda mechi 6 kati ya 8, na ilimaliza msimu na ushindi 10. Januari 2024 Tim Lester aliteuliwa kuchukua nafasi hiyo. Baba alibaki kocha mkuu.

Neno la kwanza: mratibu

Kitenzi «ratibu» ni kupanga mambo yafuatane vizuri, kwa hiyo «mratibu» si tafsiri ya uongo. Lakini neno huishi mahali fulani. Kwetu mratibu ni mtu wa shirika: ana ofisi, ana gari lenye bendera, anaitisha mikutano. Uwanjani haonekani. Kiswahili cha michezo kimejenga orodha yake ya vyeo kwa neno «kocha»: kocha mkuu, kocha msaidizi, kocha wa makipa, kocha wa viungo. Wote kwa pamoja ni benchi la ufundi, jina zuri linalowataja watu kwa kiti wanachokalia.

Orodha hiyo inatufundisha jambo. «Kocha wa viungo» huwanoa wachezaji miili ipate pumzi na nguvu. Lakini «kiungo» ni pia mchezaji wa katikati, anayeunga ulinzi na ushambuliaji, na jikoni viungo ni mdalasini na iliki. Hata hivyo msikilizaji wa mpira hapotei, kwa sababu cheo kizima kimeshazoeleka. Basi tukitaka cheo kipya kieleweke, tukiingize kwenye orodha ambayo watu wanayo tayari: kocha wa fulani. Mtu wa Iowa ni kocha, na tumwite kocha.

Neno la pili: mashambulizi

Kutoka «shambulia» Kiswahili kimezaa majina kadhaa. «Shambulio» ni tukio moja. «Mashambulizi» yana kiambishi cha mwisho -zi, kama mapinduzi na maamuzi, nayo ni vitendo vinavyohesabika: mashambulizi matatu usiku mmoja. «Mshambuliaji» ni mtendaji. Kutoka kwa mtendaji huyo, kwa kubadili kiambishi cha mwanzo, tunapata «ushambuliaji», yaani kazi yake au ujuzi wake, kama ualimu ulivyo kazi ya mwalimu. Ushambuliaji hauhesabiki. Hakuna anayesema «ushambuliaji mbili zimetokea».

Tofauti hiyo ya sarufi ina uzito kwetu. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni wameuawa katika mashambulizi ambayo mengi yanahusishwa na waasi wa ADF. Majina yanayosikika kwenye habari hizo ni majina ya nyumbani: Mbau, Oicha, Eringeti, Mavivi, barabara ya Mbau kwenda Kamango. Mtoto wa Mbau mwenye miaka 10 leo hajawahi kuishi wakati ambapo neno «mashambulizi» lilikuwa la mpira kwanza na la vita baadaye. Kwake utaratibu ni huo mwingine. Na redio ni moja: habari saa fulani, michezo baada yake, na pengine sauti ya msomaji ni ileile.

Kiswahili cha mpira, kama cha lugha nyingine nyingi, kimekopa sana vitani. Mabeki ni ngome. Shuti kali ni kombora, nalo hufyatuliwa. Lango huzingirwa. Mikopo hiyo haina ubaya yenyewe, na sisemi ifutwe. Mtangazaji akisema «Leopards wanaanzisha mashambulizi kutoka upande wa kulia», hakuna anayekimbilia porini, kwa sababu Leopards wapo, upande wa kulia upo, mpira upo. Neno limezungukwa na uwanja. Sentensi yangu haikuwa na uwanja hata kidogo. Ilikuwa na chuo, mratibu na mashambulizi. Chuo hakikutosha kulinda maana, na «mratibu wa mashambulizi», maneno mawili yakikaa pamoja, ni maelezo ya mkuu wa waasi.

Wachezaji wetu wenyewe wameonyesha kwamba uwanja na vita viko karibu. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire huko Abidjan, Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukifunika mdomo na vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kichwani kama bunduki. Waliileta vita uwanjani kwa makusudi, ili ulimwengu uione Mashariki ya Kongo. Tafsiri mbovu inaileta bila kukusudia, na katika sikio la mtu ambaye hakuhitaji kukumbushwa.

Kwa hiyo kanuni ninayopendekeza ni nyepesi: sentensi ikiwa haina uwanja, uweke uwanja ndani ya jina. «Ushambuliaji» unafanya kazi hiyo, kwa sababu ni ujuzi na hauwezi kuwa tukio la jana usiku. «Kocha wa ushambuliaji» hawezi kukamatwa na jeshi. «Kocha wa safu ya mbele» pia anafaa, hasa kwenye kichwa cha habari.

Neno la tatu: amefukuzwa

Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko tulivyojitendea darasani. Magazeti ya michezo ya Tanzania na Kenya yana ghala zima la maneno kwa jambo hili moja, na mengi yanabeba picha. Kocha anayeelekea kuondolewa «amekalia kuti kavu». Sisi hatuna minazi, lakini aliyewahi kupanda mchikichi anaelewa upesi. Akiondolewa, «kibarua chake kimeota nyasi». Kibarua ni barua ndogo, kile cheti cha mfanyakazi wa kutwa, kabla neno halijawa jina la kazi yenyewe. Au «ametimuliwa», kitenzi kilekile cha kutimua vumbi. Au «amefungashiwa virago». Anayemfuata «amerithi mikoba yake», kama vile ukocha ni uganga na dawa zimo ndani ya mfuko.

Ukiweka picha pembeni na kutazama viambishi, unaona kwamba kila neno linajibu swali moja: nani aliamua? «Kufungashiwa» ni mzizi -fung- ukiwa na -ash-, -i-, -w-: mtu amefungiwa mizigo yake na wengine, hata mikeka hakuikunja mwenyewe. «Kuachishwa» ni -ach- pamoja na -ish- na -w-: amefanywa aache. «Kuuzulu» ni kumwondoa mtu madarakani. Ongeza ji- upate «kujiuzulu», mtu anajifanyia mwenyewe kile ambacho wengine wangemfanyia. «Kung'atuka», neno lililotoka Kizanaki na kuenezwa na Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, linamwonyesha mtu akiondoka kwa hiari. Kisha kuna «kuachana»: «klabu imeachana na kocha». Kiambishi -an- kinasema wote wawili walitendana, sawasawa. Ndiyo maana klabu hukipenda. Ukikuta -an- kwenye tangazo la klabu, uliza ni upande gani uliolala bila kazi siku hiyo.

Mfano wa karibu ni uleule wa Kombe la Afrika. Tarehe 22 Januari 2024 Côte d'Ivoire ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta ikiwa nyumbani. Siku mbili baadaye kocha Jean-Louis Gasset akaondolewa, na msaidizi wake Emerse Faé akarithi mikoba katikati ya mashindano. Timu hiyo ndiyo iliyotutoa kwa bao 1-0 la Sébastien Haller, kisha ikaishinda Nigeria 2-1 kwenye fainali ya tarehe 11 Februari. Hapo «kurithi mikoba» linafaa kabisa: dawa zilikuwa mlemle benchini, alibadilika aliyezishika.

Je, kwa Iowa? «Amefukuzwa» linasema kwamba mtu alitoka siku ileile. Sivyo. Brian aliendelea na kazi mpaka mechi ya mwisho ya msimu. «Amejiuzulu» ni uongo, na «wameachana» ni kumsaidia mwajiri kujificha. Kilichotangazwa ni kwamba hatarudi. Na aliyetangaza hakuwa kocha mkuu, ambaye ni baba yake. Alikuwa mkurugenzi. Kwenye habari hii swali la nani aliamua ndilo habari yenyewe, kwa hiyo mtafsiri hana ruhusa ya kuchagua kitenzi kinacholifunika.

Sentensi iliyorekebishwa

Niliandika upya hivi: «Mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Iowa ametangaza kwamba Brian Ferentz, kocha wa ushambuliaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani na mtoto wa kocha mkuu, hatarudi kazini msimu huu ukiisha. Kocha mwingine atachukua nafasi yake.»

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mwalimu alinikata alama moja kwa kuongeza maneno ambayo hayakuwamo kwenye sentensi ya Kiingereza. Sikubishana. Mtafsiri analipa urefu ili msikilizaji asilipe kwa hofu.

Jioni nilimsomea mama mdogo tena, bila kumweleza kitu. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa ndani ya unga wa muhogo.

«Na baba yake amebakia?» akauliza.

«Amebakia.»

Akatikisa kichwa kwa ajili ya huyo baba wa Iowa, kisha akaniambia nisogeze maji.