Makali ya Baketi Usiyoyaona

Dereva aliyezoea plau na haro akikabidhiwa trekta lenye loda ya mbele hudhani kazi ngumu ni kukariri liva. Kumbe hiyo huisha asubuhi moja. Kwenye mitambo mingi liva ni moja: ukiivuta kwako mikono ya loda inapanda, ukiisukuma inashuka, ukiilaza kushoto baketi inajikunja kuelekea kwako, ukiilaza kulia inamwaga. Kinachomtesa ni kwamba akiwa kitini haoni makali yanayokata udongo. Boneti inaziba, na mgongo wa baketi unaziba zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi huchimba mashimo pale alipotumwa kusawazisha.

Basi lazima atafute dalili nyingine. Baketi nyingi zina ukingo wa juu uliolala sambamba na sakafu yake, na ukingo huo unaonekana vizuri kutoka kitini. Baadhi ya loda zina kijiti cha kuonyesha pembe. Kama yako haina, lipeleke trekta kwenye sakafu ya saruji, laza baketi hadi chini yake pote paguse, kisha piga mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye silinda ya kumwagia hadi kwenye fimbo iliyo tuli kando yake. Mistari ikikutana, baketi imelala sawa, almradi mikono iko chini. Kwenye loda za kawaida, mikono ikipanda baketi hujikunja yenyewe kuelekea kwa dereva. Usipoifungua kidogo kidogo kadiri inavyopanda, jiwe au gogo linaweza kuteremka juu ya mikono hadi ulipoketi.

Dalili nyingine iko kwenye usukani. Ukiwa mwepesi ghafla wakati unakwangua, ujue unaikandamiza baketi mno na magurudumu ya mbele yanaanza kunyanyuka. Na injini ina la kusema pia. Pampu ya haidroliki huzungushwa na injini, kwa hiyo mwendo wa mikono hutegemea mafuta uliyokanyaga. Anayepandisha na kushusha mzunguko wa injini ovyo hatajua kamwe liva ikisogea kidogo itatoa kiasi gani. Ni bora kuchagua mzunguko wa wastani na kubaki nao mpaka mkono uzoee.

Kwenye rundo la mchanga, kasi ni ushamba. Wako wanaojigamba kwa kulivamia rundo mbio. Gharama huja baadaye kwenye pini na silinda, na mwenye trekta ndiye anayelipa. Ingia taratibu kwa gia ya chini, baketi imelala na kugusa ardhi, trekta limenyooka ili pembe zote mbili za baketi ziingie pamoja. Magurudumu yakianza kulemewa, kunja baketi kidogo huku ukiinua. Rundo litajimomonyoa na kuijaza lenyewe. Magurudumu yakiteleza, umechelewa kukunja.

Kusawazisha kuna siri yake. Ukiisukuma liva mbele kabisa hadi inase, mikono huachiwa huru na baketi hufuata mabonde na vilima vya ardhi kwa uzito wake tu. Ukirudi nyuma hivyo, uso wa kiwanja hutoka laini kuliko utakavyoweza kwa mkono. Ila usiburute kinyumenyume baketi ikiwa imefunguka hadi mwisho, kwa maana fimbo za silinda zinakuwa zimetoka nje kabisa na kisiki kimoja chaweza kuzipinda. Wala usiinasishe liva hapo mzigo ukiwa juu: utaanguka papo hapo.

Hayo yote hayana maana kama nyuma ni kwepesi. Baketi ya nusu mita ya ujazo ikijaa mchanga uliolowa hukaribia tani moja. Ikijaa samadi kavu haifiki nusu ya hapo. Uzito huo ukining'inia mbele, ekseli ya mbele inakuwa egemeo na magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko. Matrekta mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo dereva hukanyaga breki na trekta likaendelea kuteremka. Zaidi ya hapo, ekseli ya mbele hubembea kwenye pini moja katikati, hivyo mzigo ulioinuliwa juu hulilaza trekta ubavu haraka kuliko unavyodhani. Ning'iniza tofali la zege nyuma, au jaza maji kwenye tairi za nyuma. Mzigo uwe chini, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, hadi ufike pa kumwagia. Kama trekta lina uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu manne, uwashe kabla ya mteremko ili hata ya mbele yasaidie kushika. Mlima panda kwa mbele. Ukiteremka na mzigo, teremka kwa rivasi.