Mgeni Nairobi? Hivi Ndivyo Nauli Inalipwa

Ukishuka Nairobi kwa mara ya kwanza, usitafute dirisha la tiketi za matatu. Halipo. Unalipa ukiwa umeketi, makanga akipita kati ya viti. Mwaka wa 2014 serikali ilitaka matatu zote zitumie kadi, na hata kadi ya BebaPay ya Google na Equity Bank ikaingia barabarani, lakini mpango haukushika. Kilichoshika ni simu yako.

Basi jipange hivi:

Jua namba ya gari. 125 ni Rongai, 111 ni Ngong, 34 inaelekea uwanja wa ndege wa JKIA.

Uliza nauli ukiwa bado chini. Bei hupanda asubuhi, jioni na mvua ikinyesha. "Ngong ni ngapi?" ni swali la kuuliza mlangoni, sio gari likishaondoka.

Tumia nambari ya tili iliyobandikwa ndani ya gari. Kwa M-Pesa, kulipia tili hakukatwi ada kwa mteja. Kutuma kwa nambari ya mtu ni bure hadi shilingi 100, zaidi ya hapo unakatwa. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukituma kwa mtu asiye wake, peleka ujumbe huo wa M-Pesa kwa 456 haraka, kabla pesa haijatolewa.

Huo ujumbe ndio tiketi yako. Muonyeshe makanga, lakini simu ibaki mkononi mwako. Ukimaliza, irudishe mfukoni, hasa ukikaa dirishani. Na ubebe mia mbili taslimu, maana mtandao ukigoma, makanga hatangoja.

Treni ya SGR ni hadithi tofauti. Hapo tiketi unanunua mapema: piga *639#, weka nambari ya kitambulisho, lipa kwa simu. Beba kitambulisho hicho hicho siku ya safari. Tangu Januari 2024, daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Chunga pia: kituo kiko Syokimau, sio katikati ya mji. Kuna treni ya kukuunganisha kutoka stesheni kuu ya mjini. Fika mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa.

Una mgeni anakuja wiki hii? Mtumie haya kabla hajapanda gari.