Bitiruti kwenye vikopo vya magazeti: hela iko kwenye wiki nne za mwanzo



Kuna swali vijana wananiuliza sana siku hizi: "Afisa, naweza kuotesha karoti kwenye vikopo vya karatasi, halafu nikahamishia shambani na kikopo chake?" Jibu fupi ni hili: karoti hapana, figili hapana, bitiruti ndiyo. Sababu zake zinagusa mfuko wako moja kwa moja, kwa hiyo twende taratibu.

Tuanze na karoti. Karoti unayouza ndiyo mzizi mkuu wenyewe. Mche ukiwa bado mdogo, mzizi huo unashuka chini haraka kuliko majani yanavyopanda juu. Ncha yake ikikatika au ikigonga kitako cha kikopo, mzizi unagawanyika, na unavuna karoti zenye miguu miwili mitatu. Sokoni zinatupwa pembeni au zinauzwa kwa bei ya kutupa. Mbegu ya karoti imwage moja kwa moja kwenye tuta lililolimwa kina kirefu, hasa kama una udongo wa kichanga, ule Wasukuma wanauita luseni. Figili nayo inakomaa ndani ya mwezi mmoja hivi. Kuikunjia kikopo ni kupoteza muda.

Bitiruti ni tofauti. Inachovimbisha ni sehemu ya juu ya mzizi pamoja na shingo ya shina, kwa hiyo inavumilia kuhamishwa ikiwa bado changa. Tena kile unachokiona kama punje moja ya mbegu, kwa aina kama Detroit Dark Red na Crimson Globe, ni kishada chenye mbegu 2 hadi 4. Kwa hiyo kikopo kimoja kinaweza kubeba miche minne, ukaipanda yote pamoja shimo moja. Ikivimba, inasukumana yenyewe kwa pembeni.

Sasa tupige hesabu. Kikopo kilichokunjwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita kina upana wa karibu sentimita 6.5. Vikopo 1,000 ukivibananisha vinakaa kwenye eneo la mita za mraba 5 tu. Miche hiyohiyo ikishaenda shambani kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30, inajaza vitanda 10 vya mita 1 kwa 10. Maana yake, kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo unamwagilia mita 5 kwa keni badala ya mita 100 kwa pampu.

Hiyo ndiyo faida yenyewe. Wengi wanadhani sababu ni viriba kupigwa marufuku. Si kweli. Katazo lililoanza 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na vifungashio vya kilimo viliachwa. Viriba bado ni halali. Kikopo cha karatasi kinakuondolea gharama ya kununua kiriba na kazi ya kukichana, na mizizi haisumbuliwi siku ya kupanda. Lakini hela kubwa iko kwenye maji na ardhi.

Fikiria kijana aliyekodi shamba karibu na ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo bomba lake lazima liwe refu, na kila siku ya kumwagilia ni petroli. Kodi nayo inahesabu hata siku ambazo kitanda kinasubiri mbegu ziote. Akiweka bitiruti kwenye vikopo, vitanda vile 10 anaweza kuvipanda mchicha, ambao unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Mchicha ukitoka, bitiruti inaingia siku hiyohiyo ikiwa tayari na majani. Maji ya pampu yanakuwa yamelipwa na mchicha.

Namna ya kutengeneza. Chukua gazeti la zamani, si karatasi zile zinazong'aa. Ukurasa mmoja kata vipande viwili kwa urefu. Zungushia chupa, acha sentimita 4 hivi zizidi kwenye kitako, zikunje ndani na uzigandamize mezani. Chomoa chupa. Hakuna gundi. Gazeti la kurasa 24 linatoa vikopo 24, hivyo kwa vikopo 1,000 tafuta magazeti kama 42. Ukishazoea, kukunja na kujaza ni kama dakika moja kwa kikopo, yaani siku mbili za kazi kwa mtu mmoja.

Wenye migomba, kama wenzetu wa Ukerewe na Sengerema, wanaweza kutumia maganda makavu ya shina la mgomba. Yanadumu kuliko gazeti. Ila usichukue kwenye shamba lenye mnyauko, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kagera wanaujua vizuri. Utausafirisha mwenyewe.

Mchanganyiko wa kujazia: udongo wa juu sehemu 2, samadi iliyooza vizuri sehemu 1, mchanga au maganda ya mpunga yaliyochomwa sehemu 1. Vikopo 1,000 vinakula kama ndoo 13 za lita 20. Loweka mbegu usiku kucha, weka vishada viwili kila kikopo, kina cha sentimita 2. Panga vikopo vibanane ndani ya kreti ili visianguke wala kukauka na upepo wa ziwa. Miche ikiota, bakiza minne. Inayozidi ikate kwa mkasi, usiing'oe.

Kuhamisha ni wiki ya tatu hadi ya nne, miche ikiwa na majani 3 hadi 4. Ukichelewa, mzizi unajikunja kwenye kitako na bitiruti inakuwa na umbo baya. Panda jioni. Lowesha kikopo vizuri, chana kitako, kisha kifukie chote. Hapa wengi ndipo wanapoharibu: ukingo wa karatasi ukibaki juu ya udongo, unanyonya maji kutoka kwenye mizizi na kuyapeleka hewani, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Chana ukingo huo au ufukie.

Msimamo wangu ni huu: njia hii ni ya vitanda, si ya ekari. Ekari nzima ukiacha njia inataka vikopo kama 27,000, siku zaidi ya 50 za mtu mmoja kukunja karatasi. Hapo panda mbegu moja kwa moja wakati wa mvua. Vikopo vitunze kwa kiangazi, Juni hadi Septemba, unapotaka mzigo mdogo wa uhakika kwa wauza juisi na hoteli za mjini.

Kabla hujaanza, chukua daftari. Andika petroli ya wiki nne na mapato ya mchicha upande mmoja, vibarua wa siku mbili upande mwingine. Namba zikikubali, anza na vikopo 100, kitanda kimoja. Na uongee na mnunuzi kwanza, maana bitiruti haina wateja wengi kama nyanya.

Kazi njema.